Baiomateria za asidi ya ndimu ni kitu gani?

Huku Lamu ukitaja ndimu mtu anawaza samaki wa kuchoma ama achari, sawa, lakini ule ukali wake ni asidi ya sitriki na hiyo asidi unayo mwilini saa hii hata kama hujala ndimu mwezi mzima. Seli zako zikichoma chakula kupata nguvu huitengeneza na kuivunja tena, mzunguko alioueleza mwanasayansi Hans Krebs mwaka 1937, na kama asilimia 90 ya sitreti (hiyo asidi ikiwa katika umbo la chumvi) yote ya mwili iko kwenye mifupa.

Baiomateria nayo ni kitu kilichotengenezwa kikae mwilini kwa matibabu, mfano skrubu ya mfupa, ama ule uzi wa kushonea usiotolewa, kina mama walioshonwa baada ya kujifungua wanaujua. Nyuzi nyingi za aina hiyo zina asidi ya laktiki, ileile misuli inayotoa ukikimbia. Yaani badala ya kuingiza kitu kigeni kabisa, unachukua kitu mwili unachokijua na ushazoea kukiondoa.

Sitriki ndo tamu zaidi kwangu, manake molekuli yake ina mikono minne ya kushikia. Ukiipasha moto pamoja na alkoholi fulani ya mikono miwili maji yanatoka, molekuli zinashikana huku na huku kama jarife, unapata kitu kinachovutika kama mpira. Guillermo Ameer na wenzake wa Northwestern University, Marekani, waliandika habari zake mwaka 2004. Kikishawekwa mwilini maji yanakata vifundo polepole, sitriki inarudi kwenye mzunguko wa Krebs, mwisho unaitoa kwa pumzi kama kaboni dayoksaidi. Mwaka 2020 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani, iliruhusu kifaa cha aina hii cha kushikiza kano kwenye mfupa.

Sasa usiniambie eti cha asili hakina madhara. Kifaa cha laktiki kikivunjika haraka kuliko mwili unavyoweza kuiondoa hiyo laktiki, asidi inajaa pale na nyama inavimba. Na msikamulie ndimu kwenye kidonda jamani, hata hiyo sitriki ya viwandani siku hizi haitoki kwenye ndimu, inatolewa na kuvu anaitwa Aspergillus niger akilishwa sukari. Kazi ngumu ya hawa wataalamu ni kupima mwendo, skrubu isiyeyuke mfupa haujaunga.