Umri, jinsia, unene na uso: dhana potofu zinazofanya barakoa ivuje

Muuguzi wa wodi ya kifua kikuu, au fundi anayekata mawe kwenye vumbi kutwa nzima, anategemea barakoa ya N95, ile inayochuja vumbi na vijidudu vya hewani, inayoshika uso pande zote. Ikiacha upenyo, hewa chafu hupita hapohapo bila kuchujwa. Kwa hiyo vipimo vya uso si habari ya urembo tu, na dhana hizi zinaumiza watu.

Dhana: Ukishakuwa mtu mzima, uso haubadiliki tena.

Kimo ndicho husimama. Uso unaendelea: matundu ya macho kwenye fuvu hupanuka taratibu, mfupa wa taya la juu hurudi nyuma, ncha ya pua huteremka, mdomo wa juu hurefuka na kuwa mwembamba. Mwaka 1995 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha vipimo vya masikio ya wagonjwa 206 wenye miaka 30 na kuendelea. Kila mwaka wa umri ulikwenda na nyongeza ya wastani wa milimita 0.22 ya urefu wa sikio.

Kinachosahaulika zaidi ni meno. Jino likitoka, mfupa uliolishika huanza kulika. Aliyepoteza meno mengi na havai ya bandia, kidevu chake husogea kuelekea puani, na barakoa iliyomkaa vizuri zamani sasa inapwaya.

Dhana: Mwanaume apewe barakoa kubwa, mwanamke ndogo.

Tofauti ipo, na chanzo chake kikubwa ni balehe, wakati testosteroni, homoni ya kiume, inapokuza taya na mfupa wa nyusi. Mwaka 2003 NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilipima nyuso za wafanyakazi karibu 4,000. Urefu kutoka kwenye mzizi wa pua hadi chini ya kidevu ulikuwa wastani wa takriban milimita 123 kwa wanaume na 113 kwa wanawake. Lakini ndani ya jinsia moja, kupishana na wastani kwa milimita 6 au 7 ni jambo la kawaida kabisa. Wapo wanawake wengi tu wenye nyuso ndefu kuliko za wanaume wanaofanya nao kazi. Mtunza stoo anayegawa kwa kuangalia jinsia anabahatisha, na anayelipia ni mapafu ya mwenzake.

Hata saizi zenyewe za barakoa zina historia. Zile za miaka ya 1970 zilitokana na vipimo vya wanajeshi wa anga wa Marekani vya 1967 na 1968. Fundi wa miaka 58 mwenye kitambi hakuwamo kwenye hesabu hiyo.

Dhana: Mnene ana uso mkubwa kila upande.

Mafuta hukaa mashavuni, pembeni mwa taya na chini ya kidevu, kwa hiyo kinachoongezeka hasa ni upana. Umbali kati ya mboni za macho haubadiliki, na urefu wa uso hubadilika kidogo sana. Ukimpa barakoa kubwa mtu aliyenenepa mashavu tu, inaweza kuacha nafasi kwenye mwamba wa pua. Aliyekonda ghafla naye, mashavu yakibonyea, upenyo hutokea pembeni.

Dhana: Nikijitazama kwenye kioo nitajua imekaa.

Kioo hakionyeshi uvujaji. Njia mojawapo ya kupima ni hii: unavaa barakoa, unafunikwa kichwa kwa kofia pana, kisha mvuke wa sakarini, kemikali yenye utamu kama sukari, unapulizwa ndani. Unapumua, unageuza shingo kulia na kushoto, unainama, unaongea. Ukisikia utamu mdomoni, inavuja. Ndevu zikipita chini ya ukingo wa barakoa, jaribio halifanywi kabisa mpaka zinyolewe.

Sheria ya kazi ya Marekani inataka jaribio hilo lirudiwe kila mwaka, na mapema zaidi ikiwa uzito umebadilika waziwazi, meno yametengenezwa au kung'olewa, au uso una kovu jipya au umefanyiwa upasuaji wa urembo.