Alteneta inazungushwa na nani?

Jana tena. Mtu anafunga injini ya gari kwenye ndege ndogo anayoiunda mwenyewe, ameshang'oa pampu ya maji ya kupoza injini, ile inayozungushwa na mkanda, ananiambia pampu ya umeme "haili nguvu ya injini". Ndugu yangu, umeme huo unatoka wapi?

Pampu inayovuta ampea 10 kwa volti 14 inakula wati 140. Alteneta, jenereta inayozungushwa na injini, nayo hupoteza karibu nusu, kwa hiyo injini inatoa kama wati 250, yaani theluthi ya nguvu farasi moja. Ni kweli pampu ya mkanda hula zaidi ikikimbizwa: mizunguko ikiongezeka mara mbili, yenyewe inadai nguvu mara nane. Basi ifungie puli kubwa, izunguke polepole! Ndege haikai kwenye foleni. Ikishapaa, mizunguko haibadiliki sana.

Kinachonikera hasa ni namba ya kwenye boksi la pampu ya umeme. "Lita 115 kwa dakika." Mara nyingi hiyo ni pampu isiyosukumana na kitu. Injini ya kilowati 75 hutupa kwenye maji joto linalokaribia kiasi hichohicho. Ukiwa na maji na glaikoli (dawa ya rejeta) nusu kwa nusu, na ukitaka maji yapoe nyuzi 10 yakipita kwenye rejeta, unahitaji takriban lita 125 kila dakika, zikipita kweli kwenye injini, rejeta, mipira na kila kona uliyoikunja ili kofia ya injini ifunge. Ukipata nusu, tofauti inakuwa nyuzi 20, na habari utaipata kwenye silinda ya mwisho.

Usibishane nami, pima. Chomoa mpira wa kurudi, uelekeze kwenye ndoo ya lita 20, pampu inyonye kutoka ndoo nyingine, shika saa. Sekunde 10, sawa. Ndoo ya yule wa jana ilijaa kwa sekunde 23.

Halafu kuharibika. Mkanda hukatika, sili huvuja, sikatai. Lakini ya umeme inangoja fyuzi, tenimo (kiungo cha waya) iliyolegea au alteneta, na alteneta ikifa, betri moja inagawana pampu ya maji, pampu ya mafuta na cheche. Na usiitegemee geji ya joto peke yake: maji yakiisha, kitambuzi kikabaki kwenye mvuke, mshale unaweza kushuka huku injini inaungua. Weka na geji ya shinikizo la maji.

Sifa moja naipa bila ubishi: ukizima injini, ya umeme inaendelea kuzungusha maji, vichwa vya silinda havichemki.

Je, mbili za umeme? Ukizifunga sambamba bila vali za kuzuia kurudi, maji yanarudi kupitia iliyokufa. Ukizipanga moja nyuma ya nyingine, iliyokufa inakuwa kizuizi. Zamani nilishauri sambamba na vali bila kupepesa macho. Siku hizi nasita, maana vali nayo hunata, na hunata kimyakimya.