Jike Mkubwa Asiyepanda Mezani: Uzalishaji wa Sungura Wadogo wa Masikio Yaliyolala

Wafugaji wapya wanaoniomba ushauri kuhusu sungura wadogo wa masikio yaliyolala huja karibu wote na mpango mmoja: kununua dume na jike walioshinda kwenye maonyesho ya sungura, kuwapandisha, kisha kungojea washindi wengine wazaliwe. Kwa aina nyingine za sungura mpango huo unaweza kufaa, lakini kwa Holland Lop, mmoja wa sungura hao wadogo, na ndugu zake unagongana na maumbile yenyewe. Kwa maoni yangu, mnyama muhimu kuliko wote katika banda ni jike ambaye hatawekwa kamwe mbele ya mwamuzi, kwa sababu amezidi uzito.

Ili jambo hili lieleweke, ni vizuri kujua Holland Lop alivyopatikana. Mfugaji wa Uholanzi, Adriaan de Cock, alianza kazi hiyo mwaka 1949 akiwa na nia ya kumpunguza umbo French Lop, sungura mzito mwenye masikio yanayoning'inia, kwa kumchanganya na Netherland Dwarf, ambaye ni mdogo sana na masikio yake mafupi husimama. Watoto wa mchanganyiko huo walitoka na masikio yaliyosimama, hivyo akalazimika kuingiza damu ya English Lop ili masikio yarudi chini, na ilipofika mwaka 1964 ndipo aina yake ilipokubaliwa rasmi nchini mwake. Tangu hapo udogo wa sungura hawa umebebwa na jeni, yaani chembe ya urithi, iliyotoka kwa Netherland Dwarf, na jeni hiyo ina gharama yake.

Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba ubete huu unatokana na kupotea kwa kipande cha DNA chenye jozi za besi, yaani vipashio vya DNA, zipatazo 12,100 kwenye jeni iitwayo HMGA2. Sungura aliyerithi kasoro hiyo kutoka kwa mzazi mmoja huwa kibete wa kweli: kichwa cha mviringo, uso mfupi, masikio mafupi na mwili ulioshikana. Asiyeirithi kabisa huwa mzima lakini mkubwa zaidi, mwenye uso na masikio marefu kidogo. Aliyeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili hawezi kuishi.

Mfugaji humtambua mtoto wa namna hiyo mara tu anapofungua sanduku la kuzalia. Ni mdogo kuliko wenzake kwa kiasi kikubwa, kichwa kimevimba kikilinganishwa na mwili, masikio ni madogo mno na yamekaa nyuma, na sehemu ya nyonga imesinyaa kana kwamba imebanwa. Mara nyingi hufa ndani ya siku chache. Jike wa sungura hunyonyesha kwa dakika chache tu, kwa kawaida mara moja kwa siku, na wale wenye nguvu hushika chuchu kwanza. Lakini hata ukimshikilia mtoto huyu kwenye chuchu kila siku, hakui. Ninaona ni wajibu wa kila anayefuga aina hii kujua jambo hili kabla ya kumpandisha jike wake wa kwanza, asije akajilaumu au akamlaumu mama kwa kifo ambacho kilikwisha amuliwa siku ya kupandisha.

Sasa tufanye hesabu. Ukimpandisha kibete kwa kibete, unatarajia robo ya watoto wasioweza kuishi, nusu vibete wa kweli, na robo wakubwa. Ukimpandisha dume kibete kwa jike mkubwa asiye na jeni hiyo, unatarajia nusu vibete na nusu wakubwa, wala hapafi mtoto yeyote kwa sababu ya ubete. Maana yake ni kwamba njia zote mbili zinakupa nusu ileile ya watoto wanaofaa kwa maonyesho, isipokuwa ya kwanza inakudai robo ya uzao. Bila shaka uzao mmoja wa watoto watatu au wanne unaweza kwenda kinyume na hesabu hii, lakini katika uzao mwingi hesabu hujitokeza yenyewe. Jike mkubwa, zaidi ya hayo, ana nyonga pana, kwa hiyo hatari ya mtoto kukwama wakati wa kuzaa hupungua, na kwa kawaida huzaa wengi na kuwa na maziwa ya kutosha.

Hata hivyo, si kila jike mkubwa anafaa. Jeni ya ubete hufupisha uso na masikio, na kwa njia hiyo inaweza kuficha mifupa myembamba au mabega dhaifu nyuma ya sura ya kupendeza. Jike asiye nayo hana pa kuficha kitu: ukimshika unakuta kiunzi chake halisi. Namtaka mwenye fuvu pana, miguu mifupi yenye mifupa minene, na mabega ambayo upana wake unakaribia ule wa nyonga. Masikio yake yakiwa marefu kidogo sijali, ilimradi ni manene na yamening'inia karibu na mashavu. Nikimkuta ana mabega membamba namwacha, hata kama dada yake kibete amerudi na ushindi.

Mezani, mwamuzi hutazama kwanza mwili na kichwa, na rangi ina alama chache sana, jambo linalowashangaza wengi. Sungura wa Holland Lop hukaa akiwa ameinua kifua, uzito wake ukiwa kwenye miguu ya nyuma, na vidole vya mbele vikigusa meza kwa wepesi. Kichwa hukaa juu na karibu sana na mabega, kiasi kwamba shingo haionekani. Taji, yaani ule ukingo wa gegedu na manyoya unaovuka utosi kutoka sikio moja hadi lingine, linapaswa kuwa pana na kukaa juu kabisa. Likiteleza nyuma, masikio nayo hurudi nyuma na uso mzima hupoteza mviringo wake. Mimi hupitisha kiganja kutoka mabegani hadi kiunoni kwa mwendo mmoja wa polepole. Mkono ukipanda na kushuka bila kukutana na bonde wala mfupa uliochomoza, huyo ni wa kumtunza. Watoto nawapima hivyo wakiwa na wiki 8 hivi, kisha nasubiri, kwa sababu katika miezi ya ujana miili yao hurefuka na vichwa huonekana vyembamba, na ni vigumu kumhukumu kwa haki kabla ya miezi 5 au 6.

Uzito nao una mipaka yake. Marekani Holland Lop hapaswi kuzidi pauni 4, karibu kilo 1.8. Uingereza sungura wa asili hiyohiyo huitwa Mini Lop na mwisho wake ni kilo 1.6, ilhali Mini Lop wa Marekani ni aina nyingine kabisa, nzito zaidi. Anayenunua kutoka nje aulize kwa makini ni yupi anayeuziwa.

Kuna jambo moja ambalo sikubaliani nalo katika mashindano, nalo ni kuendelea kupenda nyuso zinazozidi kuwa bapa. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, na yasipokutana vizuri, yale ya juu mbele ya yale ya chini, hurefuka hadi mnyama ashindwe kula. Sikio lililolala nalo hukunjika kwenye shina, njia yake hubanwa, na nta hujikusanya mahali ambapo jicho halifiki. Ndiyo maana kila wiki nabonyeza shina la sikio kwa kidole gumba nikitafuta uvimbe au dalili ya maumivu. Watoto wakizaliwa na meno yasiyokutana, wazazi wao siwapandishi pamoja tena, na watoto hao siwatumii wala siwauzi kwa ajili ya kuzalisha, hata kama vichwa vyao ndivyo vizuri kuliko vyote bandani.