Kabla ya kumpa mtoto vidonge vya floraidi, pima maji anayokunywa

Kila inapokaribia Machi 20, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, wazazi huleta watoto kwenye kliniki yetu ya meno kwa wingi, na tunawapongeza kwa hilo. Mwaka huu swali linalojirudia ni la vidonge na matone ya floraidi, madini yanayosaidia kuzuia meno kuoza. Mzazi katumiwa chupa na ndugu aliye nje ya nchi, au kaiona ikitangazwa mtandaoni, sasa anauliza ampe mtoto vingapi kwa siku. Kwa familia za Dodoma, Singida na Manyara jibu letu ni moja: usimpe hata kimoja mpaka maji anayokunywa yapimwe na daktari wa meno amwone.

Vidonge hivi vilitengenezwa kwa ajili ya watoto wanaokunywa maji yasiyo na floraidi ya kutosha. Hata Marekani, ambako vimetumika kwa miaka mingi, mwongozo wa chama cha madaktari wa meno wa mwaka 2010 unavielekeza kwa mtoto aliye katika hatari kubwa ya kuoza meno tu, na maji yakiwa na zaidi ya miligramu 0.6 za floraidi kwa lita, hapewi kabisa. Mtoto wa miaka 3 hadi 6 anayekunywa maji yenye chini ya miligramu 0.3 kwa lita hupewa miligramu 0.5 kwa siku, basi. Mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilichukua hatua ya kuzuia dawa hizi kwa watoto walio chini ya miaka 3. Nimezitaja namba hizi ili mzazi aone jinsi dozi ilivyo ndogo, si ili ajipimie nyumbani.

Sasa turudi kwetu. Ukanda huu umepitiwa na Bonde la Ufa, na maji mengi tunayokunywa yanatoka ardhini, kwenye miamba ambayo mingine ina floraidi nyingi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tuchukue kijiji ambacho kisima chake kina miligramu 2. Mtoto wa miaka minne akinywa lita moja kwa siku, tukijumlisha na uji wa asubuhi, ameshapata miligramu 2, yaani mara nne ya dozi ile ya kidonge. Juu yake umwongezee kidonge cha nini?

Kinachoharibika ni meno ya kudumu yanayojengeka ndani ya taya tangu mtoto anazaliwa hadi kama miaka 8. Floraidi ikizidi katika kipindi hicho, jino huota likiwa na mistari au mabaka meupe kama chaki, na hali ikiwa mbaya huwa la kahawia lenye vishimo. Hayo mabaka si uchafu. Tunaomba sana wazazi waache kuwasugua watoto meno kwa mchanga, mkaa au ndimu, maana rangi haitoki na ngozi ngumu ya jino inalika. Na walimu wasiwaaibishe watoto hawa mbele ya wenzao kwamba hawapigi mswaki. Mtoto hana kosa lolote.

Wengi wanatuambia, “Daktari, sisi maji tunachemsha.” Kuchemsha kunaua vijidudu, na muendelee kuchemsha, lakini floraidi haiondoki na mvuke. Maji yanapopungua sufuriani, floraidi hubaki na kiwango chake hupanda. Kuchuja kwa kitambaa hakuitoi, wala dawa ya kutibu maji haiitoi. Wengine hupima kwa ulimi: maji ya chumvi mabaya, maji matamu mazuri. Floraidi haina ladha, haina rangi, haina harufu. Kisima chenye maji matamu kinaweza kuwa nayo nyingi kuliko kile cha chumvi kilicho hatua mia tu kutoka hapo.

Kuna pia magadi. Mlenda wetu huku bila magadi wengi hawauoni mlenda, na maharage na makande huwekewa yaive haraka. Baadhi ya magadi yana floraidi nyingi, na uchunguzi uliofanyika nchini umeyahusisha na madoa ya meno hata mahali ambapo maji yana floraidi kidogo. Hatusemi mlenda uachwe. Chungu cha watoto wadogo kipikwe bila magadi, ndicho tunachoomba.

Kupima maji si jambo gumu, ila lifanywe kwa utaratibu. Wizara ya Maji ina maabara ya ubora wa maji hapa Dodoma, na kwa vijijini anzia kwa ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, au jumuiya ya watumia maji, kwa kuwa huenda kisima chenu kimeshapimwa na majibu yapo kwenye faili. Kama hayapo, tumia chupa safi ya plastiki yenye kifuniko. Isiwe ya kioo, kwa sababu floraidi hushikana na kioo. Acha bomba au pampu itiririke dakika chache, suuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale, ndipo ujaze na kufunga. Usikinge kutoka kwenye ndoo wala simtanki. Andika jina la chanzo, kijiji au mtaa, tarehe na saa. Chupa isiyo na maelezo haina msaada, hata ikipimwa. Familia inayotumia vyanzo viwili, bomba na kisima, ipeleke maabara chupa mbili. Majibu yakitoka, njoo nayo kliniki pamoja na mtoto.

Kuhusu wauzaji: dawa isiyosajiliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, hairuhusiwi kuuzwa nchini, iwe dukani, iwe kwa njia ya simu. Ni kosa chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219. Dawa hukamatwa, na mhusika anaweza kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili. Mzazi aliye na chupa nyumbani aiweke mbali na watoto. Mtoto akila vidonge vingi kwa mkupuo, mpe maziwa, usimtapishe, mkimbize kituo cha afya ukiwa na chupa yenyewe mkononi.

Yote haya yasimfanye mtu aiogope dawa ya meno. Floraidi ya kwenye mswaki hufanya kazi kwa kugusa jino kwa nje, na ndiyo kinga tunayoitegemea. Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Angalia pakiti: kiwango cha floraidi kiwe kati ya 1000 na 1500 ppm (sehemu kwa milioni). Mtoto chini ya miaka 3 awekewe kiasi cha punje ya mchele, wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha njegere, asubuhi na kabla ya kulala, mtu mzima akisimamia ili ateme asimeze. Akishatema asisukutue kwa maji mengi.

Maji yenu yakizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, watoto walio chini ya miaka 8 watafutiwe maji mengine ya kunywa na ya uji. Ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi yana floraidi kidogo sana. Ya kuogea na kufulia endeleeni na kisima. Ipo pia teknolojia ya kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, inayoendelezwa na kituo cha Wizara ya Maji cha Ngurdoto, Arusha. Maji yakionekana hayana floraidi ya kutosha na mtoto ana meno yaliyotoboka, bado hatuanzi na vidonge. Tunampaka kwenye meno vanishi ya floraidi, dawa ya kupaka inayoganda juu ya jino, kliniki mara mbili kwa mwaka, na magego ya kudumu yanayoota akiwa na miaka sita tunayaziba mifereji mapema, kabla pipi na ubuyu wa rangi havijayafikia.