Athari ya mjeledi: mteja ametulia, kiwanda kinahangaika

Shika mjeledi, tikisa kifundo cha mkono kidogo tu, uone ncha yake inavyoruka. Wataalamu wa ugavi waliazima picha hiyo kueleza jambo linalotokea kati ya duka na kiwanda. Mauzo kwa mteja yanabadilika kidogo, oda za mwenye duka zinabadilika zaidi, za muuzaji wa jumla zaidi tena, na zikifika kiwandani zimeshakuwa mawimbi. Hiyo ndiyo athari ya mjeledi. Mkono ni mteja, ncha ni kiwanda pamoja na wote wanaokiuzia malighafi.

Mfano unaotajwa sana darasani ni wa nepi. Kampuni ya Procter & Gamble ilipochunguza oda za nepi zake za Pampers iliona kwamba mauzo madukani hayakuwa yakipanda na kushuka sana, jambo lisiloshangaza, kwani watoto hulowanisha nepi kila siku bila kujali soko likoje. Oda za wasambazaji, hata hivyo, zilikuwa zikiyumba, na oda ambazo kampuni yenyewe iliwapelekea wauzaji wake wa malighafi ziliyumba kuliko hizo.

Watu wakisikia haya hudhani kuna mtu mzembe mahali fulani kwenye mnyororo. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha kwamba si lazima awepo. Chukua duka, muuzaji wa jumla, msambazaji na kiwanda. Kila wiki zinauzwa katoni 100. Duka, muuzaji wa jumla na msambazaji wana kanuni moja, tena ya busara: stoo iwe na mzigo wa kutosha wiki mbili, yaani katoni 200. Tuseme pia kila oda inafika ndani ya wiki hiyohiyo, bila kuchelewa.

Wiki moja wateja wananunua katoni 110. Duka limebakiwa na 90. Kwa kuwa sasa wiki mbili maana yake ni katoni 220, linaagiza 130. Muuzaji wa jumla, ambaye hamwoni mteja bali anaiona oda ya duka, anasoma kwamba mahitaji ni 130. Amebakiwa na 70, anataka 260, anaagiza 190. Msambazaji naye anaona 190, amebakiwa na 10, anataka 380, anaagiza 370. Mauzo yameongezeka kwa asilimia 10, kiwanda kimeombwa karibu mara nne ya kawaida.

Wiki inayofuata wateja wananunua 110 tena, wala hakuna kilichobadilika. Duka linaagiza 110. Muuzaji wa jumla, mwenye 260, anatoa 110, anabaki na 150. Lengo lake sasa ni 220, kwa hiyo anaagiza 70 tu. Msambazaji akiona 70 anapunguza lengo hadi 140, lakini stoo yake ina 310. Haagizi kitu. Kiwanda kilichokwenda mbio kutengeneza 370 sasa hakina hata oda moja, na hapo bado hatujaweka ucheleweshaji wowote.

Ukiuweka, unapata mchezo wa bia, ambao maprofesa wa biashara wamekuwa wakiutumia kwa zaidi ya nusu karne. Ulizaliwa MIT, chuo kikuu cha teknolojia nchini Marekani, katika kundi la Jay Forrester, mhandisi aliyehamia kufundisha menejimenti na ambaye mwaka 1958 alichapisha makala iliyoonyesha mawimbi haya kwa mara ya kwanza kwa hesabu. Wachezaji hugawana nafasi nne, kuanzia duka hadi kiwanda cha bia, na hawaruhusiwi kuzungumza isipokuwa kwa oda. Oda huchukua wiki kufika, mzigo nao huchukua wiki. Mwishoni mwalimu huwauliza wachezaji wachore wanavyodhani wateja walikuwa wakinunua. Wengi huchora milima na mabonde. Kisha anafunua karatasi: mteja alinunua katoni 4 kwa wiki, akapanda hadi 8 mara moja, akabaki hapo hadi mwisho.

John Sterman wa MIT alikusanya matokeo ya mchezo huo na kuyachapisha mwaka 1989. Kwa wastani, gharama za timu zilikuwa takriban mara 10 ya gharama bora iliyowezekana. Alichogundua ni kwamba watu husahau mzigo ulio njiani. Wanaagiza, hauji haraka, wanaagiza tena kana kwamba hawakuwahi kuagiza. Mzigo ukifika wote kwa pamoja, wanafunga mkono kwa wiki kadhaa.

Mwaka 1997 watafiti Hau Lee, V. Padmanabhan na Seungjin Whang walikuja na hoja tofauti: hata mtu asiyesahau chochote ataleta mjeledi, kwa sababu mazingira yanamsukuma. Walitaja vyanzo vinne. Cha kwanza ndicho tulichokipigia hesabu, yaani kukisia mahitaji kwa kutazama oda badala ya mauzo. Cha pili ni kukusanya oda ili kujaza lori au kupunguza makaratasi, na cha tatu ni punguzo la bei linalofanya watu wanunue mzigo wa miezi kwa siku moja.

Cha nne ndicho kinachonivutia zaidi, kwa kuwa ndani yake mna ujanja. Bidhaa ikiadimika na kiwanda kikagawa kilichopo kulingana na ukubwa wa oda, anayehitaji 50 ataomba 100 ili apewe 50. Wengine hupeleka oda ileile kwa wauzaji wawili au watatu. Kiwanda kinaona mahitaji makubwa mno, kinapanua uzalishaji, na uhaba ukiisha oda zinafutwa. Oda za namna hii zilikuwa sehemu ya masaibu ya Cisco, kampuni ya vifaa vya mitandao, ambayo mwaka 2001 ililazimika kufuta vitabuni mzigo wa zaidi ya dola bilioni 2.

Basi kosa ni la mazingira au la akili zetu? Watafiti Rachel Croson na Karen Donohue walilijaribu hilo katika utafiti wa mwaka 2006. Waliwaeleza wachezaji wa mchezo wa bia mapema jinsi mahitaji ya wateja yatakavyokuwa yakibadilika, na kuondoa vile vyanzo vinne. Mjeledi ulibaki. Mimi naona hapo akili ilipata kura yake, ingawa haifuti ile hesabu ya katoni tuliyoifanya.

Tiba zinafuata vyanzo. Kiwanda kioneshwe mauzo ya kaunta, si oda pekee; Procter & Gamble na Walmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, walianza kushirikiana hivyo mwishoni mwa miaka ya 1980. Oda ziwe ndogo na za mara kwa mara, bei isirukeruke. Wakati wa uhaba, mgao ufuate kiasi ambacho kila mmoja aliuza siku za nyuma, hapo kudanganya hakuna faida. Kwa mchezaji anayesahau, ubao unaoonyesha mzigo ulio njiani husaidia kuliko mahubiri.

Kuupima mjeledi ni rahisi kwa maneno: linganisha kuyumba kwa oda unazotoa na kuyumba kwa mauzo yako, na oda zikiyumba zaidi basi unao. Gérard Cachon na wenzake walifanya hivyo kwa takwimu za sekta nzima nzima za Marekani, wakachapisha mwaka 2007. Kwa wauzaji wa jumla waliuona. Kwa wauzaji wa rejareja, kwa kawaida hawakuuona, kwa sababu wengi walikuwa wakinunua mapema kabla ya msimu wa mauzo makubwa, hivyo oda zao hazikuruka pamoja na msimu. Lakini zile zilikuwa takwimu za mwezi na za sekta, ambamo wimbi la kampuni moja linaweza kufunikwa na bonde la nyingine. Anayeutafuta stoo kwake aanze na bidhaa moja, wiki kwa wiki.