Kwa nini paka wa mtaani huondolewa na bado hawapungui?

Mtaa ukijaa paka wasio na mwenyewe, watu wengi huwaza jambo moja: wakamatwe wapelekwe mbali, au wauawe. Hesabu inaonekana nyepesi. Toa kumi kwenye thelathini, wabaki ishirini. Na kweli hubaki ishirini, kwa majuma machache tu. Miezi ikipita, idadi hurudi ilipokuwa, pengine huzidi.

Watafiti walilipima jambo hili katika misitu ya kusini mwa Tasmania, Australia. Kwa miezi 13 waliwatega na kuwaondoa paka katika maeneo mawili, huku kamera zikihesabu waliopo. Eneo moja paka waliongezeka kwa asilimia 75, jingine kwa asilimia 211. Inaelekea paka wakubwa waliokuwa wakilitawala eneo walipotolewa, wageni wakamiminika. Hata hivyo, huo ni ufafanuzi wa watafiti. Hakuna aliyemfuata kila mgeni kujua alikotoka.

Kosa ni kudhani kwamba idadi ya paka huamuliwa na paka wenyewe. Huamuliwa na chakula na maficho: majalala, panya, makombo, watu wanaowatilia chakula. Chukua mfano wa kisima. Ukichota ndoo kadhaa maji hushuka, lakini chemchemi hujaigusa, kwa hiyo hupanda tena hadi kina kile kile. Tena ukichota mengi, maji mapya huingia kwa kasi zaidi, maana kilichokuwa kikiizuia chemchemi ni uzito wa maji yaliyomo. Paka wenyeji ndio uzito huo. Hufukuza wageni, na hula chakula ambacho kingewakuza watoto wa paka wengine. Waondoe, na jirani atahamia.

Hapo kwa watoto ndipo watu hupotea zaidi. Kuna hesabu inayorudiwa sana kwamba jike mmoja na uzao wake wanaweza kufikia paka 420,000 katika miaka saba. Ni kweli paka ana uzazi wa ajabu: jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, huibeba kwa siku 63 hadi 65, na kwa kawaida huzaa watoto wanne hivi. Lakini hesabu ile huchukulia kwamba karibu wote wanaishi. Utafiti uliofanywa North Carolina, Marekani, ulikuta kama asilimia 75 ya watoto wa paka wa mitaani walikufa au kutoweka kabla ya kutimiza miezi sita. Kwa hiyo kinachobana idadi ni vifo vya watoto, na nafasi ikipatikana vifo hivyo hupungua.

Ndiyo maana wengi hupendelea kuwatega, kuwahasi na kuwarudisha pale pale. Paka aliyehasiwa bado anakalia nafasi yake, anakula na kufukuza wageni, ila hazai. Akiwa bado kwenye nusukaputi hukatwa ncha ya sikio, ili asije akategwa na kupasuliwa bure mara ya pili.

Njia hii hufanya kazi, lakini polepole na kwa masharti. Katika chuo kikuu cha Central Florida, Marekani, mpango ulioanza mwaka 1991 ulihudumia paka 155, na kufikia 2002 walibaki 23. Matokeo hayo hayakuletwa na kuhasi peke yake, kwa sababu karibu nusu ya paka walipata watu wa kuwafuga. Katika mji wa Rishon LeZion, Israel, kuhasi kwenye baadhi ya mitaa tu hakukutosha. Paka walianza kupungua pale kazi ilipofanyika mitaa yote na waliohasiwa wakapita asilimia 70, tena kwa kama asilimia 7 tu kwa mwaka.

Kuwaondoa kabisa kumewezekana mahali ambapo wageni hawana pa kupitia. Kisiwa cha Marion, cha Afrika Kusini, kilipelekewa paka watano mwaka 1949. Kufikia 1977 walikuwa kama 3,400. Viliwamaliza virusi vilivyosambazwa makusudi, kisha bunduki na mitego, hadi 1991. Ndege wa baharini wanaotaga kwenye mashimo ndio waliokuwa wakiliwa, na kuhasi kusingewaokoa, kwa kuwa paka aliyehasiwa huendelea kuwinda.