Mwacheni afunge kifungo mwenyewe

Mimi ni mtu wa fiziotherapia, nashughulika na waliopata kiharusi, na swali la ndugu wa mgonjwa huwa ni hilo hilo: seli za ubongo zikishakufa si ndo basi tena? Zilizokufa ndo zimeenda, kweli, lakini zilizobaki zinaweza kujifunza kubeba kazi ambayo haikuwa yao, na sisemi hivi kumpa mtu moyo tu, ubongo unabadilika kabisa na kwenye picha za MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, unaonekana.

Wapo madereva teksi wa London, wale wa leseni ya kukariri mitaa kama 25,000, kazi ya miaka 3 au 4. Mtafiti wa ubongo Eleanor Maguire na mwenzake waliwapima ubongo wakiwa ndo wanaanza kusoma, wakawapima tena mwishoni, matokeo yakatoka 2011: waliofaulu, upande wa nyuma wa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu za njia, ilikuwa imekua, waliofeli hakuna kilichobadilika. Mwaka 2004 pia kule Ujerumani watu walifundishwa kurusha na kudaka mipira mitatu kwa mfululizo, baada ya miezi 3 sehemu ya ubongo inayofuatilia vitu vinavyotembea ikawa imenenepa, wakaacha mazoezi miezi mingine 3, ikasinyaa. Hapo kwenye kusinyaa ndo wengi hawapendi kupasikia.

Ndani huko seli mbili zikizoea kuamshana, pale zinapokutana panakuwa imara, vichipukizi vidogo vinaota, na hata ile mayelini, mafuta yanayozungushia nyuzi za neva, inaweza kuongezeka ujumbe ukapita fasta. Njia isiyotumika inafifia.

Sasa mtazame mgonjwa anayehangaika na kifungo cha shati kwa mkono uliolegea. Kidole gumba kinateleza, kifungo kinaingia nusu tunduni kinachomoka, anarudia, jasho linamtoka, mara mwanae anadakia, "Acha baba, nikufunge." Ni mapenzi, najua, ila jaribio lile alilomkatisha ndo dawa yenyewe. Mwanasaikolojia Edward Taub aliona jambo hili kwa nyani: mkono ukishindwa mara nyingi mnyama anaususa, hata uwezo ukianza kurudi hautumii. Ndo akaja na tiba ya kuvalisha mkono usio na shida glavu nene karibu siku nzima kwa wiki 2, huku ule dhaifu ukifanyishwa mazoezi saa nyingi. Inachosha balaa, na kama vidole havina hata kamwendo kidogo haikufai, msijaribu wenyewe nyumbani bila mtaalamu.

Mimi nyumbani nataka kitu kidogo tu: mpeni shati lenye vifungo vikubwa, mvisheni mapema kabla ya muda wa kutoka ili asiharakishwe, vya juu afunge mwenyewe, akichoka kabisa vilivyobaki mmalizie nyie. Akivizoea, mpeni vidogo zaidi.